Mwenye Nyumba Anapoitwa Mgeni

Usiku wa tarehe 2 Novemba 2025, katika Uwanja wa DY Patil, Navi Mumbai, Nadine de Klerk wa Afrika Kusini aliupiga mpira ukapaa hewani. Harmanpreet Kaur, nahodha wa India, akarudi kinyumenyume, macho juu, akaunyaka. Mchezo ukaishia hapo. India ilikuwa imekusanya mikimbio 298, na Afrika Kusini ikakwama kwenye 246. Kombe la Dunia la kriketi ya wanawake likaenda India kwa mara ya kwanza.

Kabla wachezaji hawajamaliza kufuta machozi, sifa zilianza kumiminika, na nyingi zilikuja zimevaa nguo ya kuazima: "Hii ndiyo 1983 yao." Mwaka 1983 ndio Kapil Dev na wenzake walipowashangaza West Indies pale Lord's, London, wakaipa India Kombe la Dunia la wanaume, na kriketi ya nchi hiyo ikageuka kuwa dini na biashara. Waliotoa ulinganisho huo walikuwa na nia njema, sina shaka. Ila nia njema nayo hubeba mizigo yake. Ndani ya sifa ile mlikuwa na maneno mengine yasiyotamkwa: kwamba kriketi ya wanawake ndiyo kwanza inazaliwa, kwamba saa yake iko nyuma ya saa ya wanaume kwa miaka 42, na kwamba furaha yake haieleweki mpaka itafutiwe furaha ya mwanaume ya kuifananisha nayo.

Maneno hayo nimeyasikia kwenye vibanda vya kahawa, nimeyasikia kutoka kwa watangazaji, nimeyasikia hata kwa wazazi wenye mabinti wanaocheza. Ni dai linalosimama kwa miguu mitatu kama kigoda. Mguu wa kwanza: kriketi ya wanawake ni ya juzi, tawi lililochipuka kwenye shina la wanaume. Wa pili: haina watazamaji, inakula jasho la wanaume. Wa tatu: kiwango chake ni cha chini, kwa hiyo hata ikitangazwa tunaitazama kwa kuihurumia. Anayeketi juu ya kigoda hicho ni hitimisho moja tu: chochote wanachopata wanawake hawa ni hisani, na anayepewa hisani hutakiwa kushukuru, si kudai.

Mimi nasema ni deni. Na dawa ya deni ni kulipa.

Tuanze na umri. Mechi ya kwanza ya kriketi ya wanawake iliyoandikwa gazetini ilichezwa tarehe 26 Julai 1745, kwenye uwanja wa kijiji wa Gosden Common karibu na Guildford, Uingereza. Wasichana wa Bramley walikutana na wasichana wa Hambledon. Klabu ya MCC, ile iliyokuja kuwa mlinzi wa sheria za mchezo huu duniani, ilianzishwa mwaka 1787. Fanyeni hesabu: miaka 42. Kumbe pengo lile lile mnalowahesabia wanawake kuwa wamechelewa, ndilo waliloitangulia klabu iliyokuja kuwafungia mlango.

Mtasema mechi ya kijijini si kitu. Haya, twendeni kwenye mambo makubwa. Wanawake wa Uingereza na Australia walicheza Testi yao ya kwanza, ile kriketi ya siku kadhaa inayoheshimiwa kuliko zote, mjini Brisbane mwezi Desemba 1934. Februari 1958, pale St Kilda, Melbourne, Betty Wilson wa Australia alifanya jambo ambalo hakuna binadamu aliyekuwa amelifanya katika Testi: mechi moja, mikimbio 100 na wiketi 11. Kwenye zamu ya kwanza aliangusha wiketi saba kwa mikimbio saba tu, na ndani yake tatu mfululizo. Mwanaume wa kwanza kufikisha mikimbio 100 na wiketi 10 ndani ya Testi moja alikuwa Alan Davidson, Desemba 1960. Alimfuata Betty Wilson kwa karibu miaka mitatu.

Kombe la Dunia lenyewe, hili ambalo wanaume wakilicheza biashara za Mumbai na Karachi hufunga milango, nani alilianzisha? Rachael Heyhoe Flint, nahodha wa Uingereza, alimwendea tajiri aitwaye Jack Hayward, naye akatoa pauni 40,000. Mwaka 1973 timu saba zikakutana Uingereza: wenyeji, Australia, New Zealand, Jamaica, Trinidad na Tobago, timu ya vijana wa Uingereza, na timu ya mchanganyiko wa mataifa. Tarehe 28 Julai, pale Edgbaston, Enid Bakewell alikusanya mikimbio 118, Heyhoe Flint mwenyewe 64, na Uingereza ikaishinda Australia kwa mikimbio 92. Wanaume walikuja kucheza Kombe lao la kwanza mwaka 1975. Miaka miwili baadaye. Basi nani tawi, na nani shina?

Orodha haijaisha. Tarehe 16 Desemba 1997, mjini Mumbai, Belinda Clark wa Australia alifikisha mikimbio 229 bila kutolewa dhidi ya Denmark, wa kwanza duniani kuvuka 200 katika mechi ya kimataifa ya siku moja. Sachin Tendulkar, ambaye Wahindi wengi wanamtaja kwa unyenyekevu wa ibada, alifika 200 mwezi Februari 2010. Na ile 229 ya Clark haikupitwa na mwanaume yeyote mpaka Rohit Sharma alipopiga 264 mwezi Novemba 2014. Najua jibu: "Denmark ilikuwa timu dhaifu." Ni kweli. Lakini wanaume nao katika miaka hiyo walikutana na timu dhaifu mara nyingi, na hakuna aliyefika huko. Udhaifu wa mpinzani ulikuwa wazi kwa wote. Aliyeutumia alikuwa mmoja.

Hata T20, mchezo wa haraka uliogeuza kriketi kuwa mashine ya kuchapisha pesa, mechi yake ya kwanza ya kimataifa ilikuwa ya wanawake. Uingereza na New Zealand, mjini Hove, tarehe 5 Agosti 2004. Wanaume walifuata Februari 2005, mjini Auckland, na New Zealand iliingia uwanjani na jezi za kizamani, baadhi ya wachezaji wakiwa na mitindo ya nywele na masharubu ya kuchekesha, kama watu wa vichekesho. Wanawake waliichukua kama kazi, wanaume wakaichukua kama mzaha. Leo mzaha ule una mabilioni, na waliofanya kazi ndio wanaoambiwa wamekuja juzi.

Hapo mtu mwenye akili timamu atauliza swali la haki: kama walitangulia hivyo, mbona wanaonekana wachanga? Jibu halimo kwenye misuli yao. Limo kwenye malango.

Mwaka 1973 mechi iliyoamua Kombe la kwanza la Dunia katika historia ya kriketi haikuchezwa Lord's, uwanja wa MCC. Wanawake walikanyaga nyasi za Lord's kwa mechi ya kimataifa mara ya kwanza Agosti 1976. Uanachama wa MCC wenyewe uliwasubirisha mpaka kura ya 1998, baada ya miaka zaidi ya 200 ya klabu hiyo kuwapo. Shirika lao la kimataifa, walilolianzisha mwaka 1958 na kuliendesha kwa kuchangishana, liliunganishwa na ICC, shirika linalosimamia kriketi duniani, mwaka 2005. Nchini India walikuja chini ya bodi tajiri kuliko zote, BCCI, mwaka 2006, na mikataba ya mwaka ya wachezaji ikachelewa mpaka 2015. Kabla ya hapo wachezaji wa timu ya taifa walisafiri kwenye mabehewa ya treni yasiyo na viti vya kuagiza na kulala kwenye mabweni. Mithali Raj na Jhulan Goswami wamelisimulia hili hadharani zaidi ya mara moja, bila uchungu mwingi, kama watu wanaosimulia hali ya hewa.

Mtazameni huyo Mithali Raj. Mwaka 2002, mjini Taunton, akiwa na miaka 19, alipiga mikimbio 214 katika Testi, rekodi ya dunia kwa wakati huo. Nchi yoyote yenye kijana wa namna hiyo ingemtafutia mechi usiku na mchana. Yeye, kati ya Agosti 2006 na Agosti 2014, hakuchezeshwa hata Testi moja, kwa kuwa India haikuwa imepangiwa wanawake Testi hata moja. Aliichezea nchi yake miaka 23, akastaafu na jumla ya Testi 12. Tendulkar, katika miaka 24, alicheza 200. Mmenyima mtoto chakula, kisha mnamcheka kwa wembamba wake.

Ndiyo maana neno "changa" linaniudhi kuliko matusi. Tusi linajulikana ni tusi. Hili linajifanya kuwa maelezo ya historia, kumbe linafuta historia na, pamoja nayo, jina la aliyeshika ufunguo.

Mguu wa pili: watazamaji na pesa. Nakiri jambo moja mapema, nisije nikaitwa mwongo. Fedha nyingi zinazoingia kwenye mabodi ya kriketi hutokana na haki za kutangaza mechi za wanaume. Hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye sababu. Mtu hawezi kutazama kisichoonyeshwa. Ilikuwa mpaka mwaka 2017 ndipo mechi zote 31 za Kombe la Dunia la wanawake zilipoonyeshwa moja kwa moja, chache kwenye televisheni na nyingine mtandaoni. Na mwaka huohuo, fainali ya Uingereza na India iliujaza Lord's. Anya Shrubsole aliangusha wiketi sita, India ikaporomoka ikiwa imebakiza hatua chache kufika, na Uingereza ikashinda kwa mikimbio tisa. Waliosema hakuna anayependa kutazama hawakusema kwamba walikuwa hawajawahi kuuza tiketi ipasavyo.

Kisha tarehe 8 Machi 2020, Melbourne. Watu 86,174 waliingia uwanja wa MCG kutazama fainali ya Kombe la Dunia la T20 la wanawake kati ya Australia na India. Alyssa Healy wa Australia alipiga 75 kwa mipira 39, Beth Mooney akabaki na 78 bila kutolewa, na shughuli ikaisha mapema. Nilimsikia mtu akisema wengi walifuata tamasha la mwanamuziki Katy Perry. Inawezekana wapo waliomfuata. Lakini ligi za wanaume nazo zina wanamuziki, fataki na wachezaji wa dansi kila jioni, na sijamsikia mtu akiwatoa watazamaji hao kwenye hesabu.

Tuache viti, tuseme biashara, maana wapinzani wangu hupenda kujiita watu wa soko. Januari 2023 bodi ya India iliuza timu tano za ligi mpya ya wanawake, WPL, kwa rupia karibu bilioni 46.7. Haki za kuitangaza kwa miaka mitano zilikuwa zimeuzwa kwa rupia bilioni 9.51 kabla mpira wa kwanza haujarushwa. Kwenye mnada wa wachezaji Smriti Mandhana alinunuliwa kwa rupia milioni 34. Wanunuzi walikuwa makampuni yanayohesabu kila senti. Kampuni kama hizo hazitoi sadaka kwa mnada. Na kwa Kombe la 2025, ICC iliweka zawadi ya jumla ya dola milioni 13.88, zaidi ya dola milioni 10 zilizotolewa kwenye Kombe la wanaume la 2023. Kombe la wanawake lililotangulia, la 2022, lilikuwa na dola milioni 3.5. Je, wanawake walijifunza kucheza mara nne zaidi ndani ya miaka mitatu? La. Wachezaji walikuwa walewale. Kilichobadilika ni mkono ulioshika mfuko.

Mguu wa tatu ndio wanaoupenda zaidi, kwa sababu una vipimo. Mpira wa wanawake ni mwepesi kidogo. Mipaka ya uwanja husogezwa ndani. Shabnim Ismail wa Afrika Kusini, aliyerusha mpira wa kasi kuliko wanawake wote waliopimwa, alifikia kilomita 132.1 kwa saa kwenye WPL mwezi Machi 2024. Shoaib Akhtar wa Pakistan alifikia 161.3 mwaka 2003. Nayakubali yote hayo, na bado hayathibitishi chochote. Kama kriketi ingekuwa mashindano ya kasi, Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka asingekuwa na wiketi 800 za Testi, wiketi nyingi kuliko mrushaji yeyote, kwa mpira anaouzungusha taratibu kama mtu anayekoroga uji. Mchezo huu umejengwa juu ya hila: mpira unaodunda kisha ukakata kona, mguu uliotangulia nusu hatua, nahodha anayemsogeza mtu mmoja mita tatu na kuibadilisha siku. Sophie Ecclestone wa Uingereza amewahi kukaa kileleni mwa orodha ya warushaji duniani kwa mpira wa taratibu wa mkono wa kushoto. Anayesema hakuna cha kutazama pale, hakuwa akitazama kriketi. Alikuwa akitazama kipima kasi.

Kama mnataka ushahidi wa moyo na ufundi kwa pamoja, chukueni nusu fainali ya tarehe 30 Oktoba 2025. Australia, mabingwa watetezi, waliweka mikimbio 338. Hakuna timu, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imewahi kufukuzia mikimbio zaidi ya 300 na kufaulu katika hatua ya mtoano ya Kombe la Dunia la mechi za siku moja. Jemimah Rodrigues, ambaye mapema kwenye mashindano yale aliwekwa benchi, alisimama mpaka mwisho na mikimbio 127, kando yake Harmanpreet akipiga 89, na India ikafika ikiwa na mipira tisa mkononi. Siku tatu baadaye, kwenye fainali, Shafali Verma alipiga 87 na kuangusha wiketi mbili. Huyu hakuwamo hata kwenye kikosi mashindano yalipoanza. Aliitwa baada ya mwenzake kuumia. Utotoni, mjini Rohtak, alikatwa nywele afanane na mvulana ili akubaliwe kwenye mazoezi. Upande wa pili Laura Wolvaardt alikuwa na mikimbio 101 na bado akashindwa, na alimaliza mashindano na mikimbio 571, mingi kuliko ya mchezaji yeyote katika Kombe moja la Dunia la wanawake. Deepti Sharma wa India akafunga hesabu kwa mikimbio 58 na wiketi tano. Nitajieni fainali ya wanaume ya miaka ya karibuni yenye wahusika wa namna hiyo, nami nitaitazama tena.

Sasa nije kwenye hoja ambayo kwa kweli ina uzito. Kuna pengo kubwa kati ya timu za juu na za chini, na mashabiki wetu wa Afrika Mashariki wameliona kwa macho. Tarehe 18 Juni 2019, katika uwanja wa Gahanga, Kigali, timu ya wanawake ya Mali ilitolewa yote kwa mikimbio sita dhidi ya Rwanda. Sita! Mmoja tu ulitoka kwenye gongo. Mingine mitano ilikuwa mikimbio ya ziada. Rwanda ilihitaji mipira minne kumaliza kazi. Siku mbili baadaye Uganda ikaipiga Mali mikimbio 314. Tanzania nayo haikuwa na huruma: ilifikisha 285, na Fatuma Kibasu akapita 100. Picha hizo zilizunguka dunia, na kicheko kikazunguka nazo.

Kicheko kile kilikuwa na usahaulifu ndani yake. Mwaka 1975, timu ya wanaume iliyounganisha Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ilikwenda Uingereza kwa jina la Afrika Mashariki kucheza Kombe la Dunia. Ilipoteza mechi zote tatu, na si kwa tofauti ndogo. Hakuna aliyesema wanaume wa Afrika Mashariki hawana asili ya kriketi. Walipewa muda, vifaa na mechi, na mwaka 2003 Kenya ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Kwa mwanaume, kushindwa ni darasa. Kwa mwanamke, kushindwa ni hukumu.

Na sisi wa ukanda huu tungekuwa wa kwanza kulijua hilo, kwa maana mashindano yaleyale yaliyochekwa ndiyo yaliyozaa matunda. Yanaitwa Kwibuka, neno la Kinyarwanda lenye maana ya kukumbuka, na yalianza mwaka 2014 kuwaenzi waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994. Karibu kila mwaka timu za wanawake za eneo letu hukutana Kigali. Tanzania ilishinda 2019, ikashinda tena 2022. Hawakuwa na kamera nyingi wala mikataba minono. Walikuwa na kitu ambacho Mithali Raj alinyimwa kwenye Testi, yaani mechi za uhakika, mwaka baada ya mwaka. Januari 2023 wasichana wa Rwanda chini ya miaka 19 wakaenda Kombe la Dunia Afrika Kusini. Henriette Ishimwe akaangusha wiketi nne kwa mipira minne dhidi ya Zimbabwe. Kisha wakaifunga West Indies, taifa la kriketi ambalo wazee wao wa 2016 walikuwa mabingwa wa dunia wa T20. Miaka miwili baadaye, kwenye mashindano yayo hayo, wasichana wa Nigeria wakaipiga New Zealand kwa mikimbio miwili. Mali ya 2019 haikukosa vipaji, ilikosa mechi.

Mpaka hapa mtu anaweza kuniambia: sawa, tuite hisani au tuite deni, tofauti ni nini ilhali pesa zinaingia? Tofauti ni hii. Deni lina tarehe na lina mdai. Hisani haina tarehe, na mtoaji akichoka huondoka nayo. Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Anayehesabiwa mgeni, hata alishwe vizuri namna gani, kamba yake iko mkononi mwa mwingine.

Waulizeni wanawake wa Afghanistan. Novemba 2020 bodi yao iliwapa mikataba wachezaji 25. Agosti 2021 Taliban wakaingia Kabul, na kriketi ya wanawake ikafa siku hiyo. Wengi wa wachezaji wale walikimbilia Australia. Afghanistan ni mwanachama kamili wa ICC tangu 2017, na kanuni za uanachama kamili zinataka nchi iwe na kriketi ya wanawake. Timu ya wanaume imeendelea kucheza, kupokea mgao wake, na mwaka 2024 ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia la T20. Wanawake wale walisubiri mpaka tarehe 30 Januari 2025 ndipo walipoingia uwanjani pamoja tena, Junction Oval, Melbourne, kwa mechi moja ya maonyesho, wakiwa timu ya taifa lisilowatambua. Miezi michache baadaye ICC ikatangaza mpango wa kuwasaidia. Kuwasaidia! Hilo ndilo neno walilochagua. Kanuni ilipovunjwa upande wa wanawake, haki ikageuzwa kuwa msaada, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu tumeshazoea kuamini kwamba pale hapakuwa na haki tangu mwanzo.

Hiyo ndiyo sumu ya lugha ya hisani. Haimdhuru Smriti Mandhana mwenye mkataba wa mamilioni. Inamdhuru aliye mwisho wa foleni: msichana wa Kabul, msichana wa Bamako, na binti wa hapa kwetu ambaye shule yake ina gongo moja la kriketi, nalo hushikwa na wavulana mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Mwalimu wa michezo hamchukii. Anaamini tu kwamba zamu yake ni ya ziada, ya kumfurahisha, ya kutolewa muda ukibaki. Na muda haubaki.

Basi siombi tuipende kriketi ya wanawake. Mapenzi hayaagizwi. Naomba tuache kuiandikia risiti ya zawadi. Bodi zipange ratiba za wanawake kwanza kabla ya kujua pesa itabaki kiasi gani, kama zinavyopanga za wanaume. Vyombo vyetu vya habari, ambavyo hujua alama za kila mechi ya ligi ya India, vijue pia nani alishinda Kwibuka. Na shule igawe gongo lile kwa saa, si kwa jinsia. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, tunasema. Hawa wamekuwa na jembe mkononi tangu 1745. Tulichowanyima ni shamba.

Nirudi Navi Mumbai, kwenye ule usiku ulioitwa mwanzo. Mwaka 1997, kwenye fainali ya Kombe la Dunia pale Eden Gardens, Kolkata, Australia walipoishinda New Zealand, pembeni mwa uwanja alikuwapo msichana mwokota mipira kutoka mji mdogo wa Chakdaha. Aliitwa Jhulan Goswami. Alikuja kuangusha wiketi 255 katika mechi za siku moja, akafika fainali mbili, 2005 na 2017, na kustaafu mwaka 2022 bila kushika kombe. Usiku ule wa Novemba 2025, wakati nje watu wakishangilia kwamba kriketi ya wanawake wa India imezaliwa, Harmanpreet na wenzake walitoka na kombe lao, wakawatafuta pembeni wakongwe wao Jhulan Goswami, Mithali Raj na Anjum Chopra, wakawakabidhi mikononi. Jhulan akalia akiwa amelikumbatia.

Sisi tulikuwa tukitafuta mwaka wa wanaume wa kuufananisha na ushindi ule. Wenyewe walijua ni wa nani.